Simu ya Wamagana Hailii

Wamagana,
Jumapili, 19 Aprili 2009

Ndugu yangu Ngatia,

Hapa kwetu tunapumua, na siku hizi hiyo ndiyo habari njema. Mvua imenyesha siku mbili kisha ikarudi ilikotoka. Kahawa imeanza kukunja majani. Ng'ombe mmoja nimempa Mwalimu Muchiri, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, amlishe, maana nyasi zangu zimekwisha. Vipi Chogoria? Mwambie wifi yangu Kinya kwamba lile blanketi aliloniletea siku ya mazishi ndilo ninalojifunika. Najua ujumbe wa simu ya mkononi unakuumiza macho, na tangu masikio yako yafungwe huwezi kuongea na mtu kwa simu, kwa hiyo nitakuandikia kama tulivyoandikiana tukiwa shule za bweni, kwa Kiswahili kama baba alivyotaka.

Ni wiki tisa tangu tumzike mume wangu Kingori. Juma lililopita nilipata nguvu ya kufungua chumba chake cha ofisi. Vitabu vya chama cha kahawa nimewapelekea wenyewe. Ile simu ya mezani nimeihamishia sebuleni, kwenye tundu lake la zamani, pale ilipokuwa kabla hajaichukua akaifungia huko ofisini.

Ngatia, simu hii ina ugonjwa. Nikipiga mimi, inaenda. Nilimpigia binti yako Mwendwa huko Meru akashika, tukaongea vizuri. Lakini hakuna simu inayoingia. Wanawake wa kanisa wanasema wamenipigia mara nyingi, wanasikia inaita, haishikwi. Na mimi nimekaa nayo hatua mbili, inanitazama tu.

Utasema nina simu ya mkononi, ya mezani ya nini. Lakini Mutahi alipoondoka hapa mwaka wa 2001 hatukuwa na simu ya mkononi. Nambari anayoijua mwanangu ni hii moja tu. Sasa baba yake hayupo tena wa kumfungia mlango. Huenda amesikia kwa watu kwamba mzee amekufa. Huenda anapiga sasa hivi ninavyoandika.

Wewe umekuwa fundi wa simu miaka thelathini. Niambie nifanye nini, hatua kwa hatua. Au uje mwenyewe, ni safari ya nusu siku tu.

Dada yako,
Phyllis


Chogoria,
13 Mei 2009

Dada Phyllis,

Barua imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya goti, hata mpaka posta naenda na fimbo. Kinya anakusalimia. Huku mvua iko kidogo, mahindi yamefika magotini, chai tunachuma mara moja kwa juma. Mwendwa ana mimba ya pili, lakini usimwambie nimekuambia.

Sitaweza kuja. Goti hili gari halilitaki.

Mambo ya simu ni haya. Inua mkono wake usikilize. Ukisikia ule mlio mrefu, laini iko hai. Halafu uchomoe waya ukutani, uhesabu mpaka mia moja, urudishe kwa nguvu mpaka usikie "ta". Hapo chini ya simu kuna kigurudumu kidogo cha kupunguza na kuongeza kengele. Kizungushe mpaka mwisho. Pangusa vumbi kwenye tundu la ukutani kwa kitambaa kikavu.

Ikikataa, basi taabu iko kwa nguzo. Wezi wa shaba wamemaliza waya huko kwenu Tetu yote, nasikia. Hapo huna la kufanya, na hata mimi sina.

Dada, wewe ni mtu wa presha. Ulianguka shuleni ile 2006 tukafikiri umetuacha. Usikae karibu na simu mchana kutwa. Tembelea watu. Nenda Ruring'u kwa wale walimu wenzako mliostaafu pamoja. Simu ni kitu tu.

Ngatia


Wamagana,
Jumapili, 24 Mei 2009

Ndugu yangu,

Nimefurahi kwa ajili ya Mwendwa na sitasema neno. Pole kwa goti. Chemsha majani ya mkaratusi ulikande, na umwache Kinya akufunge kitambaa hata kama unaona aibu. Hapa kuna jua tu. Mwalimu Muchiri alimuuza yule ng'ombe wake mweusi akalia kama mtoto.

Nimefanya yote uliyoniandikia. Laini iko hai. Kigurudumu nimekizungusha mpaka mwisho. Tundu nimelipangusa. Hailii.

Ngatia, mimi si fundi lakini nimefundisha watoto sayansi. Ikiwa wezi wamekata waya wa nguzo, mimi nampigiaje Mwendwa? Si wewe uliyeniambia zamani kwamba sauti huenda na kurudi kwa waya ule ule?

Kwa hiyo nilijaribu jambo. Nilimwita Muchiri sebuleni, akatoa simu yake ya mkononi, akapiga nambari ya hapa akiwa amesimama kando yangu.

"Inaita," akasema.

"Haiiti," nikamwambia. "Huoni imenyamaza?"

Akaniwekea simu yake sikioni. Ikawa kweli inaita. Basi nikauinua mkono wa simu ya mezani bila kungoja nikasema, "Haloo?" Na nikajisikia mwenyewe ndani ya simu ya Muchiri. Tulitazamana. Akasema, "Mama Mutahi, hii simu ni nzima. Kengele ndiyo imekufa."

Unaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba watu wamekuwa wakifika hapa kila mara. Wanafika mpaka mezani na hakuna anayewaambia karibu. Mwanangu anaweza kuwa amepiga mara mia akadhani nimekaa namtazama tu.

Siku hizi nikiwa nyumbani nauinua ule mkono kila baada ya dakika chache na kusema haloo. Najua ni wazimu. Jana niliunguza uji.

Hukunitajia kwamba kengele inaweza kufa, wewe uliyezijua simu hizi kuliko mtu yeyote. Niambie sasa nifanye nini nayo.

Phyllis


Chogoria,
6 Julai 2009

Dada,

Tuko salama. Kinya alikuwa na homa, imeisha. Mwendwa anaendelea vizuri.

Hiyo simu ni ya zamani sana. Kengele zake zinakufa na spea hakuna tena, hata sisi tulikuwa tunatoa kwa moja tunaweka kwa ingine. Nakuomba uitupe. Kama unataka ya mezani, nunua mpya, au afadhali uachane na laini kabisa, kampuni yenyewe ati inafunga hizo za nguzo.

Usiifungue. Iko na stima ndani na inaweza kukurusha. Na usiipelekee fundi mwingine, hao wa Nyeri mjini wanaharibu tu.

Nimekuombea kanisani.

Ngatia


Wamagana,
Jumapili, 12 Julai 2009

Ngatia,

Leo sitaanza na mvua.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umetoka chuoni, ukaleta simu mbovu nyumbani kwa mama, ukaifungua juu ya meza ya kulia chakula ikiwa bado imeunganishwa ukutani. Mama alipiga kelele. Ukamcheka, ukasema, "Mama, hii stima haiwezi kuua hata nzi." Nilikuwepo. Kwa hiyo barua yako ilipofika ikiniambia simu itanirusha, niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kwa Muchiri kuazima bisibisi.

Skrubu ni nne. Tatu zilitoka mara moja, ya nne ilikuwa na kutu. Ndani nimekuta vikombe viwili vya shaba na kinyundo kidogo katikati. Hakuna kilichovunjika wala kuoza. Kuna waya mwekundu unaotoka kwenye kengele kwenda pale nyaya nyingine zilipofungwa, na huo waya umekatwa. Panya hawakuutafuna, umekatwa kwa koleo, mara moja, na ncha yake imekunjwa nyuma ili isiguse kitu, ikafungwa kwa uzi mweusi wa nta. Mizunguko saba, na fundo limefichwa chini ya uzi.

Kingori hakuweza hata kushona kifungo.

Namjua mtu mmoja tu aliyekuwa akitembea na kibonge cha uzi wa nta mfukoni, mpaka suruali zake zote zikawa na doa jeusi ambalo mama hakuweza kulitoa.

Nimezisoma barua zako zote upya. Umeandika kuhusu goti na mahindi na wezi wa shaba. Jina la Mutahi hujaliandika hata mara moja.

Kwa nini uliikata kengele ya nyumba yangu?

Phyllis


Wamagana,
Jumapili, 23 Agosti 2009

Ngatia,

Wiki sita. Karani wa posta akiniona mlangoni sasa anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nilimpigia Mwendwa. Nilimuuliza kama baba yake ni mgonjwa. Akasema hapana, baba yuko sawa, isipokuwa hali chakula. Nikamuuliza, "Unajua nini kuhusu Mutahi?" Akalia, akasema, "Shangazi, muulize baba," akakata simu.

Nakuuliza.

Phyllis


Chogoria,
9 Septemba 2009

Dada Phyllis,

Barua hii nimeiandika na kuichana tangu Julai. Kinya amesema nisipoituma leo atakuja mwenyewe kwako akwambie kwa mdomo, na hiyo itakuwa vibaya zaidi. Kaa chini kwanza. Mwite Mwalimu Muchiri akae na wewe.

Mutahi amekufa. Ni miaka mitatu sasa. Alikufa tarehe 11 Julai 2006.

Alikuja kwangu mwaka wa 2002. Alikuwa amezunguka Isiolo na Maua akifanya vibarua, halafu akapata kazi ya kupasua mbao huko Nkubu, kwa mzee mmoja anaitwa Gatobu. Mwisho wa mwezi alikuwa anakuja hapa, analala siku mbili, anampasulia Kinya kuni. Alikuwa ameacha pombe kabisa. Jina la dada yake Wakonyo halikuwa linamtoka tangu ile ajali. Siku moja tu aliniambia, "Mjomba, nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Niliangalia kando mara moja tu." Nikamwambia anywe chai.

Alikuwa anawapigia. Kila Jumapili saa tisa alienda kwenye kibanda cha simu Nkubu. Mzee Kingori alikuwa anashika, akisikia ni yeye anaweka chini. Mutahi aliniomba nije niongee na wewe. Nilimwambia asubiri, baba yake atapoa. Nilimwambia hivyo miaka minne. Nilikuwa nikimwogopa Kingori, dada, sina neno lingine la kuweka hapo.

Ile Julai walikuwa wanashusha magogo kwa lori, mnyororo ukakatika. Gatobu alimpeleka hospitali, lakini alifika ameshakufa. Nilikuja Wamagana siku iliyofuata, nikamkuta Kingori shambani peke yake. Nilimwambia. Kisha akaniandikia kwa kile kitabu changu cha kuandikiana na watu, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameshafungwa. Aliandika, "Wakonyo alizikwa kwa sababu yake. Hawezi kulala kando yake." Nikamwambia basi mama yake aambiwe. Akaandika, "Daktari amesema moyo wake hauwezi. Ukimwambia, utamzika na yeye." Ulikuwa umetoka hospitali wiki mbili tu.

Tulimzika hapa kwangu. Mimi, Kinya, Mwendwa, mhubiri, mzee Gatobu na wafanyakazi wake sita. Kaburi liko upande wa chini, karibu na mto, hatukuweka msalaba.

Gatobu hakuridhika. Alisema mtu hawezi kuzikwa mama yake hajui. Mutahi alikuwa amemwachia nambari ya nyumbani, kwa hiyo akaanza kupiga, mchana na jioni. Kingori aliona shule zinafunga Agosti na wewe utakuwa nyumbani kutwa, utaisikia ikilia yeye akiwa shambani. Akaniita. Nilikuja siku ya Ijumaa ukiwa shuleni. Ilinichukua dakika tano. Uliporudi ulinikuta nakunywa chai, ukanifurahia, ukanikaangia mayai.

Nilisema nitakwambia ukipata nguvu. Ulipopata nguvu nikasema Kingori akifa. Kingori alipokufa nikaona umezeeka kwa wiki moja.

Sina cha kuomba.

Ngatia


Wamagana,
Jumapili, 18 Oktoba 2009

Ngatia,

Kinya amekwambia kwamba nilifika. Nilimwomba akuondoe nyumbani siku hiyo, na nilikuona umekaa kwa jirani nyuma ya ua, umeinamisha kichwa. Sikukusalimia. Nakuandikia sasa kwa sababu kuna mambo ambayo yakibaki kwangu peke yangu yatanimaliza.

La kwanza. Nilikuwa nikiisikia. Kila Jumapili saa tisa nilikuwa jikoni, nikisikia simu ikilia nyuma ya mlango wa ofisi. Inalia mara mbili tatu, inanyamaza, na Kingori anatoka akisema, "Hao ni watu wa chama." Nilikuwa namwambia watu wa chama hawana adabu, kusumbua mtu siku ya Mungu. Iliponyamaza kabisa mwaka ule wa 2006 nilidhani nao wamepata simu za mkononi. Nikashukuru.

La pili sijawahi kumwambia mtu. Mutahi alipiga mara ya kwanza mwaka ule ule alioondoka, miezi miwili baada ya kumzika Wakonyo. Simu ilikuwa bado sebuleni. Niliyeshika ni mimi. Alisema, "Mama." Nilisikia anavyopumua. Alisema tena, "Mama, ni mimi." Nikaiweka chini. Nilikuwa nimeshika sweta ya shule ya Wakonyo, nilikuwa natafuta mtu wa kumpa. Kingori alikuwa mlangoni, akaniona. Kesho yake akaihamishia simu ofisini. Mimi ndiye niliyemfundisha, Ngatia. Yeye aliendeleza tu.

Kwa hiyo ile simu niliyokuwa naingojea miaka minane haikuwa ya mwanangu kuniomba msamaha. Nilitaka aseme tena "Mama" ili nimwitikie.

Kinya alinipokea stegi ya magari, tukashuka mpaka mtoni. Nilipoiona ile sehemu nilimwambia, "Si hapa mlipojenga hema siku ya mahari ya Mwendwa?" Akasema hema lilikuwa juu kidogo, wewe ulilazimisha kamba zisogezwe. Lakini nakumbuka nilishuka kutafuta kivuli. Nilisimama pale pale na sahani ya wali mkononi, Ngatia, nikicheka na mama wa bwana harusi. Mwanangu alikuwa chini ya viatu vyangu mwaka mmoja tayari, na wewe ulikuwa juu pale ukigawa soda, ukinitazama.

Kinya aliniacha peke yangu. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Niliyafanyia mazoezi ndani ya gari kutoka Embu. Nilipokaa kwenye nyasi hayakuja. Nilisema, "Naam, Mutahi," nikabaki hapo. Nikasema tena. Nilikaa mpaka Kinya akaja kuniinua, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Mzee Gatobu alifika. Kinya ndiye aliyemwita. Alivua kofia akasema, "Mama, nilipiga." Nikamwambia najua. Akasema, "Nilipiga mpaka nikaona labda nawasumbua." Huyo mgeni, mtu wa Nkubu asiyetujua, ndiye pekee aliyefanya alichopaswa kufanya.

Sitamhamisha. Kingori amelala huku kando ya Wakonyo na sitawaletea mtu wa kugombana naye. Desemba nitakuja na mwashi, aweke saruji na jina lake lote, na tarehe zote mbili.

Nimekaa wiki tatu nikijiuliza kama nitakusamehe. Nimetafuta ndani yangu sijaona kitu, si msamaha wala chuki, kuna utupu tu kama ghala la mahindi mwaka huu. Nilitaka kukuandikia kwamba nisione tena mwandiko wako. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini mwanangu aliondoka hapa akiwa na miaka ishirini na miwili, na akafa akiwa na ishirini na saba. Hiyo miaka mitano sina. Sijui kama alinenepa. Sijui kama sauti yake ilibadilika, kama alikuwa na msichana, alikula nini Krismasi. Kingori alikwenda nayo kaburini aliyoyasikia, na wewe ndiye uliyebaki nayo.

Kwa hiyo utaniandikia. Sitaki habari za goti wala za mvua, na usiniombe chochote. Anza na siku ya kwanza alipofika kwako mwaka wa 2002. Andika ilikuwa saa ngapi, na alikuwa amevaa nini.

Phyllis